Swali Mbele ya Sahani

Mwezi uliopita tuliondoa matanga ya dada yangu Mapendo, mwaka mmoja tangu tulipomzika. Watu walikaa kwenye viti vya kukodi katika uwanja wa nyumba yetu mtaani Bwiza, na msemaji wa familia, bwana mwenye sauti ya redio ambaye hakumjua Mapendo hata kidogo, aliniita niseme neno kwa niaba ya ndugu. Nilisimama. Nikaeleza alivyouza sombe, majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni miaka na miaka, alivyopenda kwaya, na kwamba hakuwahi kuazima kitu asikirudishe. Watu wakatikisa vichwa, wakapiga makofi ya adabu, nikakaa. Yote niliyosema yalikuwa kweli, na hakuna hata moja nililotaka kusema. Nimefundisha watoto wadogo zaidi ya miaka ishirini, nimesimama mbele ya wazazi, mapadri na wakaguzi, na sikuwahi kukosa maneno. Siku ile nilirudi kwenye kiti changu na aibu ya mtu aliyeulizwa jambo moja akajibu jingine. Nilichotaka kusema ni habari ya Jumapili moja na sahani moja, mwaka wa embargo, nchi jirani zilipofunga mipaka ya biashara, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na kujiona nimeshajua kila kitu.

Sitaeleza hapa tulivyofika Bujumbura kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, wala baba yake Noela alikwenda wapi. Hayo yana mahali pake. Inatosha kusema kwamba tulikaa watatu katika chumba kimoja cha Bwiza: Mapendo, binti yake Noela, na mimi. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali, mawili kila mguu, ili chini yake paingie masufuria, na ili tuingie sisi pia milio ya bunduki ikianza. Rido, pazia lenye maua mekundu, ilitenga kitanda na mahali pa kupikia. Mapendo aliondoka asubuhi kwenda sokoni na beseni kichwani, mimi nikabaki na mtoto. Nilimbeba mgongoni na kuongea naye kutwa nzima, wala si kwa sababu nilijua kwamba mtoto anahitaji kuongeleshwa. Nilikuwa na mdomo tu. Kama ningebaki na kuku ningeongea na kuku. Noela alikuwa anakaribia miaka mitatu, na alikuwa na maneno ya kutosha: alitaja ndege, moto, maji, alimwita kila jirani kwa jina, na alinivuta kanga akisema, "Mama mudogo, ona," hata pasipo na kitu cha kuona. Nilizoea sauti ile hata nikawa siisikii.

Mama Karine alikuwa mteja wa Mapendo. Alifundisha katika shule ya sekondari, mumewe aliandika ripoti katika wizara moja, na walikaa Ngagara katika moja ya zile kartie, mitaa, zenye namba. Alikuwa anatafuta msichana wa kulea mtoto wake. Siku zile hakuna aliyemwingiza mtu nyumbani kwake bila kwanza kufikiria ametoka upande gani, na yeye hakulificha hilo. Alimwambia Mapendo mbele ya beseni la ndagala, "Natafuta musichana ambaye hii vita si ya kwake." Mapendo alilirudia neno hilo jioni akicheka. "Kumbe kutoka Uvira iko na faida." Kisha akaacha kucheka, kwa sababu tulikuwa tumeanza kula mara moja kwa siku, na sote wawili tulijua kwamba nitakwenda. Noela nilimwambia ninakuja sasa hivi. Baadaye Mapendo aliniambia kwamba mtoto alikaa kwenye kizingiti mpaka saa ya kufunga mlango.

Saloni ya Mama Karine, sebule yake, naiona mpaka leo vizuri kuliko vyumba nilivyoishi baadaye. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyopakwa sira, nta ya sakafu, mpaka ikateleza. Kulikuwa na kabati la vioo, na nyuma ya vioo hakukuwa na vikombe vya wageni kama nilivyotarajia. Kulikuwa na vitabu, vingine bila majalada. Kwenye meza kulikuwa na rundo la karatasi ambazo Papa Karine alizileta kutoka ofisini, zimepigwa chapa upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa mali ya Karine. Karine alikuwa sawa na Noela, walipishana miezi mitatu. Alikuwa amechora upande wa nyuma wa wizara nzima. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, sukari ilikuwa imekwisha mjini, na chai tulikunywa chungu kama kila mtu. Vita haikuiogopa nyumba ile; risasi moja ilikuwa imetoboa bati juu ya jikoni, na tundu lake liliingiza jua. Hata hivyo tofauti niliiona siku ya kwanza, na sikuwa na jina la kuiita.

Ilikuwa saa ya kula jioni. Nilileta maharage na ndizi, nikaweka sufuria mezani, nikageuka kurudi jikoni. Mama Karine akaniambia nikae. Mkono wake ulikuwa juu ya mfuniko, na hakuna aliyenyoosha sahani. "Nani anaanza?" akauliza. Karine alianza. Alikuwa ameona mdudu anabeba mdudu mwenzake. "Anamupeleka wapi?" baba yake akauliza, tena kama mtu anayetaka kujua kweli. "Kwake." "Ju ya nini?" Karine akafikiri, miguu yake ikining'inia. "Ju iko na njaa, lakini hataki kukula mu njia." Baba akakubali kwamba hiyo ni sababu nzuri. Naye akasema alichokiona: mti umeanguka mbele ya ofisi na hakuna anayeutoa. Mama alikuwa ameona mwanafunzi aliyeandika jina lake la zamani kwenye mtihani. Kisha wote watatu wakanigeukia. "Na we, Feza, leo uliona nini?" Nikasema, "Mi?" Mama Karine akasema, "Ee, we. Huku kila mutu anasema, kiisha tunakula."  Miaka kumi na tisa nilikuwa nimeulizwa nimekwenda wapi, nimerudi saa ngapi, nimefanya nini na chumvi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimeona nini. Walingoja, maharage yakitoa mvuke kando ya mfuniko. Mwishoni nikasema kwamba nimeona tundu la risasi jikoni linapitisha jua, na lile jua asubuhi liko juu ya ndoo na mchana liko juu ya jiko. Papa Karine aliniangalia kwa heshima ambayo mwanamume yeyote wa suti hakuwahi kunipa. Ndipo Mama Karine akafunua sufuria.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya meza yao, kila siku, hata siku milio ilipokuwa karibu na tukakaa sakafuni mbali na dirisha. Wiki ya kwanza niliona ni mchezo wa watu wenye nafasi. Wiki ya tatu nilikuwa nakwenda bombani nikitafuta kitu cha kwenda kusema. Mama Karine alinifundisha na mengine. "Akikuuliza kitu, usimwambie aache maswali," aliniambia. "Kama hujui, mwambie hujui, mutaangalia pamoja." Basi tuliangalia pamoja. Nilimweleza Karine kwa nini maziwa yanapanda yakichemka, na nilipokosa jibu tulichemsha tena, tukakodoa macho. Nilihesabu naye ndagala, tukapanga mawe kwa ukubwa, nikamsimulia kila hadithi niliyoijua na nyingine nilizozitunga nikiwa nafua. Kiswahili chake alikipata kutoka kinywani mwangu, kikiwa lugha yake ya tatu, na miezi minne ilipopita alikuwa anagombana nami kwa lafudhi ya Uvira. Mama yake alifurahi sana. Mimi nilifurahi kuliko mama yake, na ninaandika hilo kwa uchungu.

Jumapili nilipewa ruhusa kwenda Bwiza, kama njia ilikuwa wazi na wanajeshi kwenye kizuizi walikuwa na moyo mzuri. Mara ya kwanza Noela alinirukia shingoni. Mwezi wa pili alikuja akitembea. Mwezi wa nne alikuwa amekaa mlangoni, mikono juu ya magoti, akaniangalia nikija mpaka nikamfikia. "Noela, ni mimi," nikasema. Akasogea nipite. Mchana aliachwa kwa jirani, mama mmoja mzee tuliyemwita Tate Stefania, mwenye roho nzuri na masikio yaliyoanza kufa. Tate alikuwa na sheria moja, mtoto akae ndani na asitoe sauti, kwa kuwa vijana wenye silaha walipita kwenye barabara ile na mtoto anayesema huwa anasema majina. Mapendo naye alikuwa amemfundisha: milio ikianza, chini ya kitanda, mkono kinywani. Noela alifundishika vizuri mno. Majirani walimsifu. "Huyu mutoto," walisema, "hata huwezi kujua kama kuko mutoto mu nyumba." Kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo kwa mama, na Mapendo aliipokea kwa tabasamu la mtu aliyeshindwa mengi akafaulu hili. Nami nilikuwa namsifu hivyo hivyo, mpaka siku tulipompeleka kwa masera, watawa wa parokia.

Parokia ilikuwa na gardieni, shule ya wadogo, yenye nafasi chache, na waliopata nafasi walipewa uji saa nne. Uji ule ndio Mapendo aliutaka. Masera aliyewapokea watoto alikuwa mtu mpole. Alitandaza vitu kwenye kitambaa, kijiko, yai la mbao, picha ya mbuzi, akamwuliza Noela hiki ni nini. Noela aliangalia kijiko. Aliangalia yai. Nilimjua, nilijua kwamba anayajua yote yale, kwani ni mimi niliyemtajia mbuzi kwa mara ya kwanza, tukamcheka mbuzi yule pamoja. Masera akangoja, akauliza tena, kisha akauliza jina lake. Noela akainua mkono, akafunika kinywa. "Mulete mwaka kesho," masera akasema taratibu. "Labda atakuwa amefunguka." Mapendo akamwinua, tukaondoka. Alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, ingawa alikuwa mzito tayari, na akatembea mbele yangu.

Basi mimi nikaamua kumfungua. Ninajua leo jinsi neno hilo lilivyo na kiburi, kana kwamba mtoto ni kopo. Nilikuwa na dawa, nilikuwa nimeiona ikifanya kazi kila jioni kwenye meza ya Ngagara, na Jumapili iliyofuata nilikwenda nayo Bwiza. Wiki hiyo soko lilikuwa limefungwa siku tatu na Mapendo hakuuza kitu. Nilileta maharage kidogo kutoka kwa Mama Karine. Tukapika, na Mapendo akatoka kuteka maji wakati bugali ikiiva. Nikapakua. Sahani ya Noela ilikuwa ya bati, nyeupe yenye ukingo wa bulu, imebanduka pembeni. Alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo, ameshanawa, mikono imeinuliwa ili isiguse nguo. Sikumpa sahani. Niliiweka juu ya magoti yangu, nikamchekea, nikasema, "Noela, leo uliona nini?"

Aliangalia sahani. Kisha aliniangalia mimi, halafu mlango. Nilingoja kama Mama Karine anavyongoja, uso ukiwa umetulia, bila haraka. "Sema kitu moja tu," nikamwambia, "kiisha unakula." Maharage yalikuwa yakinuka vizuri, kulikuwa na kitunguu ndani. Nilimwona anameza mate. Nikafikiri, sasa linakuja. Noela akashuka kwenye kiti, taratibu, bila kulia. Akainua shuka lililoning'inia, akaingia chini ya kitanda kati ya masufuria, na nilipoinama kumtazama alikuwa amejiweka mkono kinywani. Nje kulikuwa kimya kabisa, hata kuku walikuwa wamelala kwa joto. Ni mimi niliyekuwa mlio.

Mapendo aliingia na bidoni la maji. Aliona kiti kitupu, aliniona na sahani mapajani. "Mutoto iko wapi?" Nikamwonyesha. "Kulikuwa nini?" "Hakukuwa kitu. Nilimwambia aseme kwanza." "Aseme kwanza mbele ya nini?" Nikajieleza, na kadiri nilivyojieleza ndivyo sauti yangu ilivyopungua. Nikamwambia kule Ngagara wanafanyaka vile, kila mtu anasema alichoona ndipo anakula, na kwamba Karine anasema mambo mengi kwa sababu ya ile. Mapendo alitua bidoni. Alichukua sahani mikononi mwangu, akapiga magoti, akaisukuma chini ya kitanda mpaka mkono wake wote ukapotea. Tukakaa tukisikia kijiko kikigusa bati. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

"Kule sahani inachelewa," akasema. "Huku inakosekana. Mutoto hawezi kujua leo ni gani." Alikuwa bado amepiga magoti, akitazama sakafu. "Tena, kama ni kusema, huyu alikuwa anasema. We ulienda na mudomo yako Ngagara."

Nimesikia hotuba nyingi tangu siku ile. Nimekaa kwenye semina, kalamu mkononi, wakitueleza kwamba mtoto anajengwa kabla hajafika kwetu: vitabu vilivyomo nyumbani, elimu ya mama, chakula, mazungumzo mezani. Naandika yote na nakubali yote, kwa kuwa nimeyaona kwa macho. Lakini hakuna mwalimu wa semina aliyenieleza jambo hili kwa ukamilifu kama dada yangu, ambaye alitia dole gumba mahali pa sahihi mpaka alipokufa. Nilipokuwa nikiorodhesha kichwani mali za nyumba ya Ngagara, kabati, karatasi, baba mwenye muda wa kujibu, nilisahau kujiorodhesha mwenyewe. Nami nilikuwa mali ya nyumba ile. Saa zote nilizochemsha maziwa na Karine zilikuwa zimetolewa mahali fulani, na mahali pale palikuwa kizingiti cha chumba chetu cha Bwiza. Hakuna aliyeiba. Mama Karine alihitaji msichana, sisi tulihitaji kula, na yule aliyelipia alikuwa na miaka mitatu na hakuwa na habari.

Jumatatu jioni, mkono wa Mama Karine ukiwa juu ya mfuniko, nilipoulizwa nimeona nini nilisema nimeona mtoto anaingia chini ya kitanda. Nikasimulia yote. Papa Karine alitoa miwani akaifuta, akairudisha. Mama Karine aliondoa mkono kwenye sufuria kana kwamba imemuunguza, akampakulia Karine kwanza, haraka, bila kumwuliza kitu. Nikaona hapo ndipo pa kuomba. Niliomba Noela awe anakuja mchana, akae nami na Karine. Walitazamana. "Ningependa, Feza," Mama Karine akasema. "Lakini siku hizi... Vijana wa pale kona watauliza ni mutoto wa nani." Hofu yake ilikuwa ya kweli, wiki ile ile nyumba moja ya jirani ilikuwa imehamwa ghafla. Sikumlaumu. Sasa ninamlaumu kidogo, na ninajilaumu zaidi, kwani moyoni nilisikia nafuu. Nilipenda saloni ile. Nilipenda kuwa mtu anayeulizwa nimeona nini, na sehemu fulani yangu haikutaka kugawana.

Jumapili kadhaa sikwenda Bwiza. Nilisema njia imefungwa, na mara mbili ilikuwa kweli. Nilipokwenda hatimaye ilikuwa saa ya chakula, mlango uko wazi kwa ajili ya hewa, na nilisimama nje ya mlango bila kuita hodi, kwa kuwa nilisikia sauti ya Mapendo na sauti ile ilikuwa haijaelekezwa kwa mtu mzima. Mapendo hakuwa mtu wa maneno. Ndani ya chumba kile mimi ndiye niliyekuwa naongea, naye alikuwa amechoka. Sasa alikuwa anaongea, kwa kusitasita, kama mtu anayevaa kiatu cha mwingine. "Leo mi niliona mwanamuke moja ku soko," alisema. "Alibeba kuku mu sashe ya plastiki. Kichwa ya kuku iko inje."  Nikasikia kijiko kwenye bati, mara moja, mara mbili. Mapendo hakuuliza kitu. Alingoja, lakini kwa namna nyingine, mikono yake ikiwa na kazi. Nilijua kwa mlio kwamba anachambua mchele. "Kuku ile ilikuwa inaangalia batu bote," akaongeza. Kijiko kikasimama. Kisha, kinywa kikiwa kimejaa, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi ikasema, "Ilikuwa inaona mama yake?"

Mapendo hakushangilia. Alisema, "Siyui. Kesho twende tuangalie." Nikakaa chini pale pale nje, kwenye udongo, nikalia, kanga mdomoni, nisije nikasikika.

Mapendo alikuwa ameanza kumpeleka Noela sokoni na kumkalisha chini ya meza katikati ya mabeseni, pamoja na hatari yote iliyokuwako. Alifikiri, aliniambia, kwamba mtoto anayekaa na kiziwi kutwa atakuwa kiziwi. Na jioni alimpa sahani kwanza, akamwacha ale mpaka katikati, mpaka ahakikishe kwamba chakula ni chake, ndipo yeye mwenyewe alisema alichoona. "We ulileta swali mbele ya sahani," akasema. "Mi niliigeuza." Hakulisema kwa kiburi. Alisema kama anavyosema mtu aliyegeuza nguo iliyoshonwa nje ndani. Mwaka uliofuata Noela aliingia gardieni ya parokia, mkubwa kuliko wenzake. Masera alipomwonyesha yai la mbao akamwuliza ni nini, Noela alimwuliza kuku aliyelitaga ana ugonjwa gani.

Ningependa kumalizia hapo, lakini huo ungekuwa uongo wa pili kwa mtoto yule, baada ya kumwambia ninakuja sasa hivi. Karine ni daktari ng'ambo, ananiandikia kila mwaka mpya, bado ananiita yaya. Noela alifika mwaka wa pili wa sekondari, ada ikashinda, vita ikashinda, na leo ana cherehani mbele ya nyumba ile ile. Anashona magauni ya arusi ambayo watu huja kuyafuata kutoka mbali. Akiwa na mtu asiyemzoea hunyamaza kwanza, muda mrefu kidogo kuliko watu wengine, na mara nyingine mkono wake unapanda karibu na kinywa kabla hajajibu. Wengine wanaona ni adabu. Mimi ninapouona mkono ule hugeuza macho. Katika madarasa yangu yote nimeweka sheria moja, uji kwanza, maswali baadaye, na wakaguzi wameniuliza mara sijui ngapi, nimeitoa kwenye kitabu gani. Nimekuwa nikijibu kwamba ni uzoefu, wala sikuwahi kumtaja Mapendo. Hata kwenye matanga yake sikulitaja hilo.

Siku ile, baada ya hotuba yangu ya sombe na kwaya, nilikwenda kukaa uani, mbali na msemaji na sauti yake. Noela alinifuata na sahani ya chakula. Akanipa, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu nami, akatoa uzi uliokuwa umenasa kwenye mkono wa gauni lake.  Nilikula. Nilipofika katikati ya sahani alisema, bila kuniangalia, "Mama mudogo, leo uliona nini?"

Nikaweka kijiko chini. Miaka yote ile nilikuwa nimejipa moyo kwamba alikuwa mdogo mno, kwamba hakumbuki. Nikamwambia nimeona mtoto amenawa mikono na mtu mzima amekalia chakula chake. Nikamwambia nilitaka kulisema hilo mbele ya watu na nimeogopa, na kwamba ninaomba radhi kwake, kwa sababu kwa mama yake nimechelewa.

 Mkono wa Noela ukapanda, ukafika kidevuni, ukashuka.

"Mama alisemaka ulininyima sahani mara moja," akasema. "Kiisha alisemaka, ile swali ni we ulituletea." Akasogeza sahani karibu nami. "Kula, mama mudogo. Inapoa."